Mafundo ya Mti wa Kwao Doreen

Wanjiru ameniomba niandike kabla sijasahau, na Callum ameomba niandike kwa Kiswahili ili Wanjiru apate kazi ya kumsomea. Basi naandika. Wanjiru, usiruke mahali. Callum, ukimwona anacheka peke yake, mlazimishe akurudie kwa Kiingereza. Ninyi wawili, wanafunzi wangu, ndio mnaobaki na meza, jiliwa na kelele za treni juu ya vichwa vyenu. Mimi nimebaki na wakati.

Sitaandika habari za mshahara, maana haukuwa na habari. Vyeo navyo vilikuwa viwili tu katika karakana yetu ya pinde, anayeshika randa na anayefagia, na kila mmoja wetu alikuwa na vyote viwili kwa siku moja.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Kibokoni. Nilikuja Landani kumfuata mume wangu aliyekuwa akiendesha basi, na miaka ya mwanzo nilishona mapazia nyumbani kwetu Forest Gate, mtoto mgongoni, cherehani dirishani. Kazi ya pinde sikuitafuta. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni katika duka la nyuzi pale Stratford, na mbele yangu yupo mtu mzima wa kilemba na ndevu, amekunja uzi wa kitani kwenye ngumi mbili anauvuta kwa nguvu, na mwenye duka anamtazama kwa wasiwasi. Yule mzee akanong'ona kwa Kiswahili, peke yake, "Hii itakatika tu."

Katika duka lile sikuwahi kusikia neno la Kiswahili. Nikajikuta nimemjibu, "Upake nta kwanza, ndipo uulaumu."

Akageuka polepole. "Wewe wa wapi?"

"Mombasa."

"Ndiyo maana unajua kujibu. Mimi wa Kisumu." Akanitazama mikono, si uso. "Unajua kusokota uzi?"

"Nashona kofia tangu niko msichana."

Akaniandikia anwani kwenye mfuko wa karatasi, akalipa uzi wake aliokwisha kuusema vibaya, akaenda zake. Huyo ndiye Jagjit, Kalasinga wa Kisumu, kama alivyojiita mwenyewe. Babu yake alikuwa fundi seremala wa reli, baba yake seremala wa makabati, naye akaja Uingereza kijana akaishia kutengeneza pinde ndefu za mbao, zile ambazo Waingereza walipigania vita zamani na sasa wanalengea mabua ya nyasi yaliyofungwa duara, siku za Jumapili. Kesho yake nilikwenda kwenye anwani ile nikidhani anashona viatu.

Karakana mnaijua. Wakati huo ilikuwa na giza zaidi. Tao la matofali chini ya reli, na pinde zimening'inia ukutani kama nyama buchani. Jagjit alinipa kitambaa cha kufunika pua kabla hajanipa salamu. "Hii mti ya yuu iko na sumu," akasema. "Vumbi yake usivute, na usile kabla ya kunawa. Nzuri kama malaika, lakini sumu." Mti wenyewe mmeshauzoea: ule wa kijani mwaka mzima unaoota penye makaburi ya makanisa ya zamani, mbao zake nyeupe kwa nje na nyekundu kama chai ya rangi kwa ndani.

Halafu akanivisha ngao ya uso, akanipa upinde mbaya uliokuwa umetupwa pembeni, akasema, "Vuta."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka ivunjike."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikavuta, yeye amesimama kando yangu amekunja mikono. Upinde ukapinda, ukapinda zaidi, kisha nikasikia kitu kidogo sana, kama mtu aliyevunja kijiti cha kiberiti chumba cha pili. Nikamtazama. "Endelea," akasema. Nikaendelea, na mara ukapasuka kwa mlio ulioniketisha sakafuni. Kipande kimoja kiligonga paa. Treni ilikuwa ikipita juu yetu na bado mlio ule uliishinda.

Akaniletea chai, akachuchumaa. "Sasa umesikia. Ile ndogo ya kwanza ndiyo ya maana. Hiyo kubwa ya mwisho haisaidii mtu."

Nilifanya upote kwa muda mrefu kabla sijagusa mbao. Upote ndio ule uzi wa upinde, na Jagjit alikuwa hana subira nao hata kidogo. Alisokota kama mtu anayemkaba adui. Mimi nilisokota nyuzi za kitani kwa nta ya nyuki, nikafunga macho ya upote, vile vitanzi vya nchani, kwa mkono ule ule wa kofia, na wateja wakaanza kuulizia uzi kabla ya kuulizia upinde. Alipoona hivyo akanipa kisu cha mikono miwili na pande bovu la mti, akaniambia nitoe gamba bila kuingia ndani.

Mafunzo yake yalikuwa mafupi. Mti hukua pete juu ya pete, kila mwaka pete yake. Mgongo wa upinde, ule upande unaomtazama adui, lazima uwe pete moja kutoka ncha hadi ncha. Ukiikata pete hiyo mahali, hapo ndipo patakapopasuka. Sehemu nyeupe inakubali kuvutwa, sehemu nyekundu inakubali kubanwa, ndiyo maana mti mmoja unafanya kazi ya miti miwili. Na ukiwa unausawazisha, toa mbao pale palipo pagumu, usiguse kamwe pale panapopinda tayari. Hayo matatu aliyarudia hadi nikawa nayasikia nikipika.

Mimi nami nilimfundisha, ila hakufundishika. Nilimwambia ni "mti huu" wala si "hii mti". Alinijibu kwamba mti wenyewe haujalalamika.

Basi miaka ikaenda. Nilitengeneza pinde za watoto, kisha za wazee, kisha za watu wanaojua wanachotaka, ambao ndio wagumu kuliko wote. Mwanangu akakua, anaelewa Kiswahili chote na hajibu hata neno moja. Na kila asubuhi Jagjit alitoka Southall akavuka jiji zima kwa treni, akafika akilalamika kuhusu treni, akafungua karakana akalalamika kuhusu kufuli.

Sasa nimefika kwa Doreen.

Alikuja mchana mmoja wa mwisho wa vuli, mwanamke mpana wa nywele fupi nyeupe, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa blanketi la kitanda. Alikuwa amestaafu karibuni. Maisha yake yote aliendesha treni za chini ya ardhi. Alilaza ule mzigo juu ya meza, akaufungua kwa uangalifu. Ndani mlikuwa na pande la yuu, limekauka vizuri, lakini nilipoliona moyo ulishuka. Lilikuwa na mafundo tele, kila mahali palipotoka tawi pana jicho lake, mengine madogo kama punje ya mtama, mengine kama kitufe cha koti. Na limepinda huku na kule kama mtu aliyelala vibaya.

"Mti huu ulikuwa uani kwetu, Kent," Doreen akasema. "Nyumba iliuzwa baba alipofariki, na walioinunua wakaibomoa na mti wakaukata. Nilifika siku waliyokuwa wanapakia. Nilimwomba yule mwenye msumeno kipande kimoja, akanipa gogo. Likapasuliwa mapande mawili."

"Na lile pande la pili?" nikauliza.

"Nilimpa fundi mwingine. Lilivunjika. Hili ndilo limebaki. Pale kwetu sasa pana maegesho ya magari."

Jagjit alikuja akifuta mikono. Hakulishika. Aliinama, akalitazama kutoka ncha hadi ncha, akamwambia kwa adabu kabisa kwamba haiwezekani, na kwamba anaweza kumtengenezea upinde mzuri kwa mti mwingine. Kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, "Hii ni kuni. Mwambie pole, apeleke nyumbani, aweke ukutani."

Doreen hakujua Kiswahili, lakini alikuwa amefanya kazi na watu miaka mingi. Akaanza kulifunga blanketi.

Sijui ni nini kilichonipata. Labda yale maegesho ya magari. Nyumba ya mama yangu Kibokoni nayo imekuwa duka la simu. Nikaweka mkono juu ya blanketi nikasema, "Liache. Nitajaribu. Sikuahidi, lakini nitajaribu."

Jagjit alisubiri mpaka Doreen ametoka na mlango umefungwa.

"Mbele ya mteja, mama?"

"Samahani, Mzee."

"Samahani si kitu. Umekubali kazi mimi nimekataa, ndani ya karakana yangu."

"Nitaifanya saa za chakula. Kwenye meza ile ndogo ya mlangoni. Hutaiona."

"Nitaisikia," akasema. Akarudi kwenye kazi yake, na tukawa hatuzungumzi.

Nasema hatuzungumzi, lakini karakana ni ndogo na Jagjit si mtu wa kunyamaza. Alizungumza na redio. Alizungumza na kufuli. Doreen akipiga simu, alinyanyua, akasikiliza, kisha akatangaza hewani, "Yule wa kuni anakutafuta." Chai alininywesha kama kawaida, maana kumnyima mtu chai si ugomvi tena, ni ukatili, lakini aliiweka mezani bila neno.

Baridi ile yote nililifanyia kazi lile pande. Nawaandikia hatua kwa sababu siku moja litawajia la namna hiyo, na mtatamani kulikimbia.

Kwanza nililitazama tu. Siku nyingi nililitazama, nalizungusha kwenye mwanga wa mlango. Pande lililonyooka unalipigia mstari kwa uzi wa chaki katikati, basi. Hili nilichora mstari kwa mkono, nikifuata nyuzi za mti zinakokwenda, maana mti wenye mafundo unapita pembeni ya kila fundo kama maji yanavyopita jiwe. Nililipangia upinde ndani yake kwa namna ambayo mafundo makubwa yangekaa katikati ya upana, yasiangukie ukingoni. Fundo la katikati lina majirani pande zote mbili wa kulishika. Fundo la ukingoni halina mtu.

Halafu mgongo. Nilitoa gamba na pete za juu kwa kisu, na nilipokaribia fundo niliacha kisu nikashika kipande cha bati la chuma, nikakwangua. Pete inapofika kwenye fundo hupanda juu kama shuka iliyofunika goti. Ukiifanya tambarare umeikata. Kwa hiyo nilipanda nayo na kushuka nayo, na mgongo ule ukabaki na vinundu kila mahali. Tumboni nako, upande unaomtazama mpigaji, kila palipo fundo niliacha nyama kidogo zaidi. Fundo moja lilikuwa limekufa, jeusi, laini kama keki. Nililichimba lote nikaziba kwa kijiti cha yuu na gundi. Vidole vyangu vilijua mafundo yote kabla sijajua majina ya majirani zangu wa Forest Gate.

Mwisho wa baridi lile pande likawa na sura ya upinde. Si upinde ulionyooka. Ukiutazama kwa mbele ulikwenda kushoto, ukajuta, ukarudi kulia. Lakini uzi uliovutwa kutoka ncha hadi ncha ulipita katikati ya kishikio, na hicho tu ndicho kinachotakiwa.

Ikafika zamu ya ukutani. Mnaujua ule ubao wetu wenye kapi chini yake. Upinde unakaa juu, kamba inapita kwenye kapi, nawe unasimama mbali unavuta kamba na kuutazama upinde ukipinda. Ni kama kutazama mtu akiinama kufunga viatu; unaona mara moja palipo na maumivu. Nilivuta kidogo, nikatazama, nikashusha, nikakwangua, nikavuta tena. Mkono wa juu, yaani nusu ya upinde iliyo juu ya kishikio, ulikuja vizuri. Mkono wa chini ulikuwa mgumu karibu na fundo kubwa kuliko yote, lile la kama kitufe cha koti, na nikawa nausogelea polepole kwa siku kadhaa.

Siku moja, saa ya chakula, nilivuta kupita pale nilipokuwa nimeishia jana. Kidogo tu. Nikasikia kijiti cha kiberiti.

"Acha!" Jagjit akapiga kelele kutoka upande wa pili wa karakana, mkate mdomoni.

Nilikuwa nimeshaanza kuachia. Nikashusha kamba taratibu, na yeye alikuwa ameshafika. Akautoa upinde ubaoni, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, akavaa miwani juu ya miwani. Kwa mara ya kwanza aliushika. Akapitisha kucha mgongoni, polepole, mpaka kucha ikakwama.

"Hapa," akasema.

Kando ya fundo kubwa palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Niliketi juu ya kigogo. Sikulia, lakini sikuwa mbali.

"Nitaufunga kwa uzi na gundi," nikasema. "Uzi wa kitani, niuzungushe hapo, ukaze."

"Utafunga, ndiyo. Lakini uzi inaficha, haiponyi. Ukivuta zaidi, itapasuka ndani ya uzi, na wewe hutaona." Akasogeza kilemba kidogo upande wa kushoto, kiasi cha kunionyesha nyusi. Pana kovu pale ambalo ncha yake nilikuwa nimeiona miaka yote na sikuwahi kuuliza. "Hii unaona? Hii ndogo ni yangu. Kubwa ni ya ndugu yangu."

Akaniambia. Alipokuwa bado mpya katika kazi alipata pande la mafundo, akataka kuonyesha ufundi. Akautengeneza upinde mzuri wa kutazamwa, akampa mdogo wake Kulwant auvute uani, Southall, watoto wakitazama. Ulipasuka usoni pake, na kipande kikamchana Jagjit aliyesimama kando. Kulwant alipoteza jicho.

"Yuko mzima," Jagjit akasema haraka, aliponiona uso. "Yuko na wajukuu, yuko na duka. Kila harusi ananiuliza mbele ya watu, 'Kaka, unataka nivute kitu?' Yeye anacheka. Mimi sijawahi kucheka." Akaulaza upinde juu ya magoti yake. "Ulidhani nimekataa hii mti?"

"Ndiyo."

"Mimi nimekataa uso yako ipasuke, mama. Nani atafunga upote?"

Treni ikapita juu yetu. Kisha akaanza kuuzungusha ule upinde mikononi, na nikaona amekwisha kuingia kazini. Akauliza mteja anataka kuvuta uzito gani. Nikamwambia: mzito, kama ule aliokuwa akivuta zamani kwenye klabu yake ya upinde. Akatikisa kichwa.

"Hapa hapa usiguse tena. Hata msasa. Hii fundo iache ilale. Toa mbao juu yake, toa chini yake, toa mkono wa juu pia, upinde wote ulegee mpaka hii mahali haina kazi nyingi. Itakuwa nyepesi. Muulize mwenyewe."

Nilimpigia simu Doreen. Nilimwambia ukweli wote: kuna ufa, unaweza kuokolewa, lakini utakuwa upinde mwepesi, wa mtu wa kujifurahisha, si ule alioutaka.

"Mish," akasema, maana hakuwahi kulimaliza jina langu la Mishi, "bega langu la kulia wamelipasua mara mbili. Nilisema mzito kwa sababu nilikuwa naona haya. Kwani nakwenda kupigana na nani?"

Basi tukaufanya pamoja, mimi na Jagjit, sasa juu ya meza kubwa. Mimi nikikwangua, yeye kwenye kamba. Kisha yeye akikwangua, mimi kwenye kamba. Tulibishana kila dakika na nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Ufa tuliunywesha gundi nyepesi, nikauzungushia uzi wa kitani uliopakwa nta, safu kwa safu, kama pete ya bi harusi. Ulipofika alama ya urefu wa mshale, mikono yote miwili ilipinda kama tumbo la mwezi, na pale penye fundo palitulia. Tukaupachika ncha za pembe ya ng'ombe, tukaupaka mafuta ya kitani mpaka mbao nyekundu ikawaka.

Siku ya kuujaribu tulikwenda kwenye uwanja wa klabu ya Doreen, huko pembezoni mwa jiji panapoanzia msitu. Doreen aliupokea, akapitisha kidole kwenye kila kinundu. Nilijiandaa kwa machozi. Akauinua mbele ya jicho, akautazama unavyokwenda kushoto na kurudi kulia, akasema, "Unatembea kama baba yangu akitoka baa."

Akachukua mshale. Jagjit akamzuia.

"Hapana, mama. Kwanza mimi."

"Lakini ni upinde wangu."

"Utakuwa wako baadaye kidogo." Alisema hivyo kwa Kiingereza. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Mpeleke nyuma. Nyuma kabisa. Na wewe pia."

Nikamshika Doreen mkono tukarudi nyuma mpaka kwenye uzio. Jagjit akavaa ngao ya uso juu ya kilemba, ikakaa vibaya sana. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka sabini, mgongo haukunyooka, na uwanjani hapakuwa na mtu mwingine ila sisi na kunguru. Akaweka mshale. Nilimwona anashusha mabega, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Akavuta nusu, akarudisha. Akavuta robo tatu, akarudisha. Halafu akavuta wote, akaushikilia pale, muda mrefu kuliko inavyofaa, muda ambao hakuna mpiga mshale anayeshikilia, na nilijua anafanya nini: anaupa upinde nafasi umpasukie yeye, kama utapasuka.

Akaachia. Mshale ukapita juu ya shabaha ukaingia kwenye vichaka.

Akapiga mwingine, na mwingine. Akapiga mpaka mishale yote ya Doreen ikaisha, tukaiokota, akapiga tena. Mara moja tu aligonga shabaha, pembeni. Hakujali. Kila baada ya mishale kadhaa alipitisha kucha mgongoni mwa upinde, akaona haikwami, akaendelea. Aliporudi kwetu jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya ngao. Akampa Doreen upinde kwa mikono miwili.

"Sasa ni wako," akamwambia. Kisha kwangu, chini kwa chini, "Sasa ni upinde."

Doreen akasimama kwenye mstari, akavuta kwa bega lake bovu, akapiga karibu na katikati, mara ya kwanza. Akasema neno ambalo Wanjiru anaweza kulikisia. Tukacheka wote watatu, na Jagjit alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani yote miwili.

Baada ya hapo alianza kuniletea mafundo. Mteja akija na pande bovu, Jagjit alilitazama, akanitazama mimi, akasema, "Mama, jamaa zako wamefika." Mengi niliyakataa. Jifunzeni na hilo: niliyakataa mengi kuliko niliyoyakubali, na nilipokataa nilieleza kwa nini, na nilimpa mtu kiti akiwa anasikiliza. Yapo yaliyonivunjikia ubaoni. Hakuna lililovunjika mkononi mwa mtu.

Jagjit aliacha kuja kila siku, kisha akaacha kuja kabisa, akamwachia binti yake hesabu na sisi mbao. Magoti yalimkatalia ngazi za treni mwaka ule ule treni yenyewe ilipokuwa nzuri, akaona hiyo ni dharau. Nilipata mazoea ya kumtembelea. Laini ya Elizabeth, hiyo treni mpya, inanichukua moja kwa moja hadi Southall, na pale mlangoni kwake mkewe hunikaribisha na sahani ya mogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Nilimwambia Jagjit ni muhogo. Aliniambia muhogo haujalalamika.

Siku yangu ya mwisho kazini mnaikumbuka, lakini ninyi mliiona kwa mlango wenu na mimi kwa mlango wangu, kwa hiyo naiandika. Nilikuwa nimewaomba kusiwe na hotuba. Alasiri mlango ukafunguliwa na akaingia Jagjit, amemshika mkono dereva wa teksi kwa upande mmoja na sufuria iliyofungwa kwa taulo kwa upande mwingine, akilalamika kuhusu teksi. Alikagua patasi za Callum, akasema ni vijiko. Callum akasema ni kali, akamnyolea nywele za mkono kumwonyesha, na Jagjit akanyamaza, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada. Tukasafisha meza kubwa, tukanawa mikono kwa sabuni mara mbili, tukala biriani kwenye sahani za karatasi na vumbi bado liko hewani.

Tukiwa katikati ya kula, kengele ikalia. Alikuwa mwanamume kijana na mti umefungwa kwa shuka, mrefu, na hata chini ya shuka niliona mafundo yake. Niliweka sahani chini. Nilikuwa nimeshashika ukingo wa meza ili ninyanyuke.

"Kaa, Bi Mishi," Wanjiru akasema. Akafuta vidole kwa kanga yake, akaenda mlangoni, na nikamsikia akimkaribisha yule kijana na kumvutia kiti.

Nikamtazama Jagjit. Jagjit akanisogezea chai.

Nikakaa.